Dengu Zilizobaki Nyumbani

Kabla mama hajaugua, kwetu kijijini Ngulyati swali la chakula lilikuwa moja tu: kipo au hakipo. Mvua zikinyesha vizuri tulikula ugali wa mahindi. Zikikatika mapema, ule wa mtama. Mboga ilikuwa mlenda, mgagani, nsansa, yaani majani yaliyokaushwa tangu masika, na maziwa mgando pale ng'ombe walipopata malisho. Dagaa walitoka ziwani kupitia Lamadi. Kiangazi kikishika, michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ndivyo vilivyotuvusha. Hakuna aliyeuliza chakula kinamfanya nini mtu aliyekila. Swali hilo liliingia nyumbani mwaka 2010, wakati wa kuchuma pamba, vidole vya mama vilipovimba na kukataa kukunjika.

Maumivu yalishika mikono yote miwili kwa pamoja, yakaenda kwenye vifundo, kisha magoti. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliamka mwili umekaza, hawezi kufunga kanga wala kushika kikombe, na nafuu ilimjia jua likiwa limekwisha kupanda. Mchana aliweza kujikongoja hadi shambani, ila kusonga ugali wa familia nzima kulimshinda. Mimi ni binti mkubwa, kwa hiyo mwiko ukawa wangu, na haya ninayoyasimulia niliyaona nikiwa jikoni.

Kituo cha kwanza tulichompeleka walisema ni gauti. Wakamkataza nyama, maharage, choroko na dagaa. Leo najua kwamba gauti kwa kawaida huanza kwenye kidole gumba cha mguu, huwapata zaidi wanaume, na kwa wanawake huchelewa hadi hedhi ikome. Mama alikuwa bado kijana, na vidole vyake vya miguu havikuwa na shida. Lakini tulitii. Mtu wa mjini akikatazwa maharage anaweza kununua mayai au kuku. Mama alibaki na ugali na mlenda. Alikonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana juu ya kanga, na viungo vikaendelea kuvimba vilevile. Kumbukumbu ya miezi ile inanikasirisha hadi leo, kwa kuwa katazo lilitolewa kwa dakika chache na njaa yake ilidumu zaidi ya mwaka.

Kisha yakaja makatazo ya majirani. Kila aliyefika kumjulia hali alikuwa na lake: acha nyanya, acha chumvi, acha maziwa, acha vya baridi. Na kila aliyekataza alikuwa na cha kuongeza: unga wa mlonge, tangawizi, manjano, vitunguu swaumu vilivyolowekwa kwenye asali. Wapo walionong'ona habari za Gambosi, kijiji kinachosifika kwa uchawi, maana katika wilaya yetu ugonjwa usioeleweka haukosi kupelekwa huko. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Majirani walikwenda. Kikombe kilikuwa cha bei nafuu, nauli haikuwa hivyo, na mama asingeweza kukaa garini usiku na mchana na magoti yale. Alibaki.

Kilichomuumiza kupita mlonge ule mchungu ni kula peke yake. Kwetu wanawake na watoto hukaa pamoja, ugali katikati, mboga kwenye bakuli moja. Mtu anayepikiwa chungu chake huzua maswali. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja siku moja akamkuta mama na kibakuli chake pembeni. Akasimama kidogo, kisha akauliza, "Wifi, bakuli letu lina nini siku hizi?" Mama alimweleza habari za gauti na makatazo yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, wifi," akaondoka bila kunawa mikono. Ilipita misimu mingi ya mavuno kabla hajala tena kwetu. Msibani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Ukikataa ubwabwa wa msiba, umewakataa waliofiwa. Mama alianza kutafuta sababu za kutokwenda, naye alikuwa mtu ambaye zamani angetangulia kuteka maji na kuosha masufuria.

Mwaka 2013 mjomba aliuza ndama, tukampeleka hospitali ya Bugando, Mwanza. Walipima damu, wakapiga picha za viganja, na daktari akatuonyesha mahali mfupa ulipoanza kulika pembeni ya kiungo. Ni baridi yabisi, akasema, ile ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Baba hakuelewa. Daktari, ambaye bila shaka alijua anazungumza na Wasukuma, alisema ni kama sungusungu wanaomkamata mwenye nyumba na kumwacha mwizi. Baba alielewa mara moja, akauliza kwa nini sungusungu hao wasivunjwe tu. Daktari akajibu kwamba ukiwavunja wote, wezi wa kweli wataingia. Dawa hizi zinawapunguza nguvu tu, na ndiyo sababu mama atapaswa kuwahi kituo cha afya kila apatapo homa.

Alipewa prednisoloni kwa muda, methotreksati ya kumeza mara moja tu kwa wiki, asidi ya foliki ya siku nyingine, na haidroksiklorokwini. Hiyo ya mwisho mama aliujua ukoo wake aliposikia jina. Wote wa rika lake waliokua wakimeza klorokwini kwa malaria, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, wanakumbuka uchungu wake na mwili kuwasha. Kumbe ndugu yake alikuwa bado kazini kwingine, akituliza kinga iliyopotea njia.

Nilikuwa nimeandaa daftari ili niandike vyakula atakavyokatazwa. Daktari hakukataza hata kimoja, isipokuwa pombe, kwa sababu ya ini na methotreksati. Badala yake alimuuliza mama anakula nini, akamsikiliza, kisha akasema, "Mama, rudisha dagaa. Rudisha maharage. Rudisha maziwa." Prednisoloni hupunguza uimara wa mifupa, akaeleza, na dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anampa mtu kalsiamu, sawa na maziwa. Na mwili uliokonda hivi hauna pa kujishikilia. Mama alilia pale ofisini. Nadhani ndipo alipotambua kwamba njaa yote ile haikuwa na kazi.

Hata hivyo swali la chakula halikufa, na mimi mwenyewe sikutaka life. Kaka yangu aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa amesoma kwenye simu kwamba ngano ndiyo adui, kwa sababu ya gluteni. Alipiga akitaka mama aache ngano kabisa. Nilitafuta kujua, na nilichokipata kilinifundisha kupambanua. Upo ugonjwa mmoja wa kinga kujishambulia ambao chakula ndicho tiba yake: seliaki, ugonjwa wa utumbo. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipokosekana, wagonjwa wake wadogo walipata nafuu, na uliporudi wakadhoofika tena. Lakini hiyo ni seliaki, si baridi yabisi. Na mahindi, mtama na uwele havina gluteni hata kidogo. Chungu cha Ngulyati kilikuwa kimekwisha kutimiza alichotaka kaka, ukiondoa chapati za sikukuu.

Kwa baridi yabisi yenyewe nilipata habari ya utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 1991, wa Jens Kjeldsen-Kragh na wenzake. Watu 53 waligawanywa. 27 kati yao walianza kwa kufunga siku saba hadi kumi, kisha wakarudishiwa vyakula kimoja kimoja, na chochote kilichofuatwa na maumivu kikawekwa kando. Waliendelea bila nyama kwa mwaka mzima, na wengi walipata nafuu. Ulikuwa utafiti mdogo, na kila mgonjwa alijua anakula nini, jambo linaloweza kumfanya ajihisi vizuri. Kumfungisha mama sikuthubutu hata kuwaza. Yeye alikuwa amefunga vya kutosha. Nilichochukua ni ule utaratibu wa kimoja kimoja.

Basi daftari lililokosa makatazo likapata kazi. Upande wa kushoto niliandika kilicholiwa na dawa iliyomezwa. Upande wa kulia niliandika asubuhi ya mama ilikuwaje, na kipimo chetu kilikuwa kukamua. Kama aliweza kukamua kabla mbuzi hawajatolewa, ilikuwa siku njema. Kama mbuzi walitoka na chuchu za ng'ombe hazijaguswa, ilikuwa mbaya. Tulijaribu nyanya, tukaziacha, tukazirudisha. Tulijaribu maziwa vivyo hivyo, kisha samaki wa mafuta mengi, kwa kuwa mafuta ya samaki yamethibitika kupunguza maumivu kidogo, ingawa kwa kipimo cha gramu kama tatu kwa siku za yale mafuta yenyewe ya omega-3, kiasi ambacho kibakuli cha dagaa hakifikii. Kwa watu wengine huenda kingejitokeza chakula cha kulaumiwa. Kwa mama, kurasa zilionyesha jambo moja waziwazi: asubuhi mbaya zilikuja kwa mafungu, na kila fungu lilifuata majuma ambayo methotreksati ilikuwa imeisha, nasi tukisubiri mtu wa kutununulia Mwanza. Nyanya haikuwa na hatia.

Baada ya hapo fedha zilizokuwa zikienda kwa wauza unga wa mitishamba kwenye mabasi zilihamia kwenye dawa na nauli ya kwenda kupima damu. Niliona huo ni uamuzi mkubwa kuliko wote tuliofanya.

Chakula kipya cha kweli kilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Kwenye udongo mweusi wa mbuga tunalima dengu mwishoni mwa masika, zinakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Zilikuwa za kuuza, kama pamba. Zilipelekwa kwa wanunuzi, nao walizisafirisha India. Sisi nyumbani hatukuzipika. Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia, na kufikia Machi 2018 ukawa asilimia 60. Tulipovuna mwaka huo, bei aliyotajiwa baba ilimfanya arudi na magunia yake. Yakakaa ndani, na wadudu hawangoji bei.

Nikaanza kuzipika. Mara ya kwanza zilimaliza kuni na bado zikawa ngumu. Nilipojifunza kuziloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, ziliiva vizuri. Nilizichemsha na nsansa, nikatia karanga zilizotwangwa. Watoto waligombania ukoko. Baadaye, tulipokwenda kupima, nilimweleza muuguzi, akafurahi. Methotreksati huuzuia mwili kutumia foleti, akasema, na dengu zina foleti nyingi, pamoja na protini na madini ya chuma ambayo mama aliyahitaji. Akasisitiza kwamba hazichukui nafasi ya kidonge cha foliki. Mama alirudisha mwili. Mabega yalijaa.

Na kwa kuwa dengu zilikuwa za wote, bakuli likarudi kuwa moja. Shangazi alikuja wakati wa mavuno, akanawa, akaketi. Aliuliza hii ni mboga gani, akaambiwa, akasema, "Kumbe Wahindi walikuwa wanatuficha." Alikula, akaomba kikombe cha kubeba.

Vidole viwili vya mama vimepinda na havitanyooka; mfupa ulioliwa kabla ya 2013 haurudi. Wanawake wenye viungo vilivyovimba humjia, wengine kutoka vijiji vya mbali, kumuuliza waache kula nini. Anawauliza kwanza wamepima wapi. Walio bado na umri wa kuzaa huwaonya wasiguse methotreksati bila daktari kujua, kwa kuwa inaharibu mimba. Kisha huwapakulia.

Mei 2024 India iliondoa ushuru wa dengu, na bei ikapanda. Baba alitaka magunia yote yaende ghalani yakauzwe, na hesabu yake ilikuwa sahihi, maana ada za shule zilikuwa zinadaiwa. Walibishana jioni nzima. Mama alikubali yote yauzwe isipokuwa mawili, akayatia alama ya mkaa kwa mkono wake mwenyewe, na baba akapakia yaliyosalia.