Bando la Usiku

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam, na nimewakosesha watoto wa watu usingizi karibu mwaka mzima. Hesabu zangu zilikuwa hizi: bando la mchana ni ghali, la usiku, kuanzia saa sita, ni bei ya kutupa. Tena mwanafunzi wetu hana simu. Shuleni ni marufuku, na nyumbani simu ni ya mama, haishikiki mpaka mama alale. Basi nikafungua kundi la WhatsApp la Kidato cha Nne, nikawa narusha maswali ya mitihani iliyopita saa sita na nusu usiku, majibu saa nane. Asubuhi, kwenye paredi, waliojibu wa kwanza niliwataja kwa majina wapigiwe makofi.

Wenzangu walipolalamika kwamba watoto wanasinzia, mimi ndiye niliyelaani kwa sauti kuu: simu, TikTok, malezi ya siku hizi. Aliyesinzia kwenye kipindi changu alisimama nyuma ya darasa mpaka kengele. Na mada yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa homoni.

Kulikuwa na binti mmoja hodari. Alianza kukosea vitu vidogo, akaacha kukaa na wenzake wakati wa mapumziko, kisha siku moja nikamrudishia karatasi yenye alama za wastani, akalia kama aliyefiwa. Sikumuuliza kitu. Nilimwita mama yake nikamwambia, kwa sauti ya mtu mzoefu, kwamba dalili hizi tunazijua: kuna mwanaume anachati naye usiku. Binti alikuwa amesimama palepale ofisini, anatazama viatu vyake.

Mama hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.

“Mwalimu, mimi naamka saa tisa kukanda maandazi, namkuta macho. Anayemwandikia saa hizo ni wewe.”

Nilisoma ujumbe wangu mwenyewe: “Mbona wengine mko kimya? Mtihani hauwasubiri.” Chini yake, saa nane na dakika kadhaa, binti alikuwa ameandika: “Samahani mwalimu, nilipitiwa na usingizi.” Mtoto ananiomba radhi kwa kulala.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nayajua haya. Kubalehe huchelewesha saa ya mwili: melatonini, homoni inayouarifu ubongo kuwa usiku umeingia, hupanda kwa kijana baadaye kuliko kwa mtoto mdogo. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown amelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwanga wa simu karibu na uso huichelewesha zaidi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mwenye miaka 13 hadi 18 alale kwa muda wa saa 8 hadi 10, na huko California sheria iliyoanza kutumika 2022 inazizuia sekondari nyingi kuanza masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Wa kwetu saa hiyo ameshagombana na konda asiyemtaka mwanafunzi, ameshafagia uwanja, yumo kipindini. Akizima simu saa nane na kuamka saa kumi na moja, amelala saa tatu. Na yale tunayosoma mchana ubongo huyakaza tukiwa usingizini, kwa hiyo hata maswali yangu yalikuwa hayakai. Sisemi kukesha ndiko kulikomliza yule binti, ya kwao siyajui yote. Ila asiyelala hana nguvu ya kuzuia hofu wala huzuni, na nguvu hiyo mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Haikutosha: habari ya “mwanaume” ilikuwa imeshapenya ukuta wa ofisi ikafika darasani. Ikabidi nisimame darasani niseme kwamba mwanaume huyo hayupo, kwamba mwenye ujumbe wa usiku ni mimi. Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na bado hajanizoea.

Kundi sasa nalifunga saa mbili usiku, maswali nayachapa na kuyabandika ukutani. Mzazi mmoja ameshamwendea mkuu wa shule kulalamika kwamba nimelegea: mwanawe alikuwa anasoma mpaka usiku wa manane, siku hizi saa tatu ameshalala.