Namba ya kaya ya mama yangu

Nikisema natoka Matongo, swali linalofuata ni la dhahabu. Mgodi wa North Mara uko palepale kwetu, unachimba tangu 2002, na mtu wa mbali anadhani kila nyumba ya Tarime vijijini ina kopo la mawe chini ya kitanda. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na jembe. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama akawa analima mahindi na mihogo, na asubuhi anapika uji na chapati kuwapelekea vijana mwaloni, kule wanakoosha mawe yaliyotoka kwenye karasha. Mawe yakitema dhahabu, analipwa. Yasipotema, anaandika kwenye daftari.

Kisha wakaja watu wa TASAF na mpango wa kunusuru kaya maskini. Majina yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya kila mtu, na la mama likawemo. Mwanamke mmoja nyuma yetu akacheka. Katika kata inayokaa juu ya dhahabu, kutangazwa maskini ni kama kutangazwa mvivu. Tulirudi nyumbani kimya, hadi mama aliposema, "Wangenipa tu hizo hela, mwanangu, bila kunitangaza." Alitaka kwenda kwa mtendaji alifute jina. Bibi ndiye aliyemzuia.

Niliingia kidato cha kwanza Januari 2016, mwezi uleule serikali ilipofuta ada ya sekondari hadi kidato cha nne. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ni hela ndogo ukiwa mjini; kwetu dada wa jirani aliachia shule hapohapo. Sare, madaftari na viatu vilibaki kuwa vyetu, lakini hakuna aliyenirudisha nyumbani kwa ajili ya ada. Waliotuacha waliondoka kwa sababu nyingine. Wavulana walianza kupungua kidato cha pili, wakifuata mawe. Upande wa wasichana lilikuja suala la ng'ombe wa mahari: baba mdogo alishawahi kukaa na wageni nyuma ya nyumba wakiwahesabu, na mimi ndani nasikia. Mama alisimamia neno moja tu, kwamba mtoto hajamaliza.

Kidato cha tano nilipangiwa bweni, na huko ada ilikuwepo, 70,000 kwa mwaka. Mbuzi wawili waliondoka. Nilimaliza kidato cha sita Mei 2022, na mwaka wa fedha ulioanza Julai ada hiyo nayo ikafutwa. Mama mpaka leo anaidai serikali mbuzi wake.

Lililobaki ni chuo. Pale kijijini palikuwa na mwalimu mstaafu aliyesoma Mlimani enzi za Mwalimu Nyerere, bila kulipa senti. Akituhadithia tulimwona kama anatoka nchi nyingine. Uchangiaji wa gharama uliingia miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005. Nilichojua mimi ni kwamba mkopo huupata mtoto wa mtu anayemjua mtu. Ndivyo tulivyoamini wote, na wengi kwa imani hiyo hawakuomba kabisa.

Mwalimu wangu wa taaluma alinilazimisha niombe. Nataka niseme ukweli kuhusu kuomba, maana wengi wetu tunaangukia hapo: si darasani, ni kwenye makaratasi. Ada ya kuomba ilikuwa 30,000. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, na changu kilikuwa na jina la ukoo lenye herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo nikatafuta hati ya kiapo. Kwa kuwa baba hayupo, nikatakiwa kuambatisha cheti cha kifo. Baba alifia nyumbani, hakuna aliyewahi kuandikisha. Barua ya mtendaji, Probox hadi Tarime, ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, kurudi, kwenda tena. Nauli tu ilimaliza chapati za mwezi. Kijana wa steshenari aliyekuwa ananijazia fomu mtandaoni alitaka kuruka kipengele kimoja kwa sababu aliona kama hakinihusu: namba ya kaya ya TASAF.

Mama akaitoa kadi kwenye sanduku la nguo, imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Niliisoma ile namba tarakimu kwa tarakimu, naye akasimama mlangoni asiingie.

Nilipata awamu ya kwanza: ada yote, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Chuo Kikuu cha Dodoma, ualimu. Mwaka huohuo hela ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na siku ya bumu, hela hiyo ilipoingia, nilituma kitu nyumbani kabla sijanunua hata sabuni. Kuna wenzangu waliolia njaa na mkopo nusu; sisemi kwamba mfumo unamwona kila maskini. Nasema uliniona mimi kwa sababu kulikuwa na karatasi iliyoonyesha nilivyo.

Wapo wanaoniambia, bure gani hiyo, si deni? Ni deni. Nafundisha shule ya binafsi kwa mkataba, ajira ya serikali bado sijaipata, na asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi kabla sijauona. Inauma. Walionitangulia iliwauma zaidi, maana deni lao lilikuwa linaongezeka asilimia 6 kila mwaka, hadi Rais Samia alipotangaza Mei Mosi 2021, Mwanza, kwamba tozo hiyo inafutwa. Lakini nikipiga hesabu, mimi ninalipa nikiwa na mshahara. Mama angelipa akiwa na daftari la wadeni wa uji. Kwa kaya kama yetu, kutodaiwa mlangoni ndiko kulikoamua kila kitu.

Mdogo wangu hakufuata mawe, au tuseme ameyafuata kwa njia nyingine: yuko Chuo cha Madini Dodoma, stashahada, kwa mkopo huohuo, kwani tangu 2023/24 Bodi inawakopesha pia wa ngazi hiyo katika fani kadhaa. Baba mdogo siku hizi ananiletea watoto wake niwaangalizie matokeo.

Kwa hiyo wewe mzazi wa Matongo, Kewanja, Nyangoto, mwenye mtoto kidato cha tatu, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Tafuta cheti cha kuzaliwa sasa, na jina liwe lilelile la shuleni, herufi kwa herufi. Kama mzazi mmoja ametangulia, andikisha kifo chake. Na ile kadi ya TASAF, itoe sandukuni.