Vita katika Postikadi za Awali za Marekani

Wapo wahakiki wanaodai kwamba postikadi ni picha tu, hivyo haituhusu sisi wa fasihi. Siafikiani nao. Postikadi ni matini yenye fani yake, na fani hiyo iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na sheria za posta. Nchini Marekani, sheria ya 1898, mwaka wa vita na Uhispania, iliruhusu kadi za wachapishaji binafsi kutumwa kwa senti moja. Hata hivyo, hadi Machi 1907 upande wa pili ulikuwa wa anwani pekee. Mtumaji alibananisha salamu zake pembezoni mwa picha, hata ikiwa ni ya manowari. Upande wa anwani ulipogawanywa, maneno na taswira vilipeana kisogo.

Ndiyo maana kadi za Walter Horne wa El Paso zinanitatiza. Mwaka 1916, baada ya wapiganaji wa Pancho Villa kuushambulia mji wa Columbus, New Mexico, zaidi ya askari 100,000 wa majimbo walipelekwa mpakani. Horne aliuza picha za kambi na mahema yao. Aliuza pia picha za Wameksiko wakiuawa kwa risasi. Zote zilikuwa postikadi. Askari aliweza kumwandikia mamaye, nyuma ya maiti, kwamba hajambo na joto ni kali. Na kadi ilipotiwa katika albamu ya sebuleni, kama ilivyokuwa desturi, zilizofichika ni salamu za mwana. Wageni walitazama maiti.