Nuru Ipozayo

Katika mwaka 1998 nalikuwa mwalimu wa sayansi. Mchana mmoja, jua likiwaka juu ya mabati ya darasa letu, msichana mmoja alisimama akauliza kama nuru yaweza kukipoza kitu. Nalicheka. Nalimwambia atoke nje akajipoze juani. Darasa zima likacheka pamoja nami, naye akaketi.

Sikujua kuwa mwaka uliotangulia Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikuwa imetolewa kwa kazi hiyo hiyo. Waliitwaa watu watatu: Steven Chu na William Phillips wa Marekani, na Claude Cohen-Tannoudji wa Ufaransa. Habari zao nalizisoma baadaye sana, katika gazeti kuukuu, nikaona haya peke yangu chumbani.

Joto, msomaji, ni mwendo. Atomu za kitu cha moto huenda mbio, na za kitu baridi huenda polepole. Basi kuzipoza ni kuzipunguzia mwendo. Na nuru, japo haina uzito, husukuma. Atomu ya sodiamu ikikabiliana na chembe moja ya nuru ya manjano hupungukiwa na mwendo wa sentimeta 3 tu kwa sekunde. Ni kama kulizuia garimoshi kwa kulitupia punje za mtama. Lakini leza hutupa punje hizo maelfu kwa maelfu kabla hujafumba jicho.

Ugumu ulikuwa huu: nuru iizuiayo atomu ijayo huiharakisha ile ikimbiayo. Hila ilikuwa katika rangi. Umepata kusikia honi ya gari: gari likija sauti huwa nyembamba, likienda huwa nene. Nuru nayo hubadilika hivyo kwa atomu iliyo katika mwendo. Basi rangi ya leza ilipunguzwa kidogo, kuelekea wekundu, ili ipokewe zaidi na atomu inayoijia kuliko inayoikimbia. Atomu huitoa tena nuru hiyo kila upande, ikiwa na nguvu kidogo zaidi kuliko ilivyoingia. Ziada hiyo ndiyo joto lililochukuliwa.

Mwaka 1985 Chu na wenzake walielekeza miali sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Atomu zikawa kama nzi katika asali. Joto lililobaki lilikuwa sehemu 240 za milioni za digrii moja juu ya baridi ya mwisho, na hesabu zilisema haiwezekani kupita hapo. Mwaka 1988 Phillips alipima akapata 40. Hakuyakataa aliyoyaona, alipima tena kwa njia nyingine, akapata vile vile. Ikabidi hesabu zitengenezwe upya.

Mwanafunzi wangu nalikutana naye tena akiwa mama wa watoto wawili. Nalimwambia kuwa siku ile mjinga nalikuwa mimi. Swali lenyewe alikuwa amekwisha kulisahau. Kicheko alikikumbuka.