Tairi la theluji linatafuta nini Nyasho?

Mpenzi msomaji, wale wa mambo ya mahaba leo mtanisamehe. Wiki hii nazungumzia matairi. Usicheke, na usikimbilie ukurasa wa nyota kabla hujanisikiliza, maana hata hili linagusa mapenzi. Kama mumeo, kaka yako au baba yako anapanda mchomoko kila asubuhi kwenda Bunda, basi roho yake imekaa juu ya vipande vinne vya mpira, na kila kimoja kinagusa lami sehemu ya ukubwa wa kiganja tu.

Sisi wa Nyasho barafu tunayoijua ni ile ya kufungia sangara kule mwaloni, na ile ya rangi wanayonunua watoto wakitoka shule. Theluji ya kudondoka toka angani tumeisoma kwenye jiografia. Hapa nchini ukiitaka uipande Kilimanjaro, na kule kileleni hakuna gari linalofika. Lakini nakwambia, simama nusu saa pale karibu na soko la Nyasho, uangalie chini badala ya kuangalia mavazi ya watu. Utayaona matairi ya theluji yanapita. Yapo kwenye Probox, yapo kwenye Noah, yapo hata kwenye IST za mabosi.

Yamefikaje? Ngoja nikupe mkanda mzima.

Kule Japani, hasa kaskazini kwenye kisiwa cha Hokkaido, baridi ikianza kukaza kila mwenye gari anavua matairi ya kawaida na kufunga ya theluji. Wenyewe wanayaita stadilesi, yaani yasiyo na misumari. Zamani walikuwa na matairi yenye misumari ya chuma ya kung'ata barafu, lakini misumari ile ikawa inachimba lami na kutimua vumbi mpaka watu mijini wanalalamika. Mji wa Sendai ulijulikana sana kwa vumbi hilo. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyadhibiti. Kampuni za matairi nazo zilikuwa zimeshaanza kutafuta njia nyingine: mpira laini, wenye mikato myembamba kama umepitishiwa wembe. Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, mpira wake una vitundu vidogo vidogo kama andazi lililoumuka vizuri, na vitundu hivyo vinanyonya ule utando wa maji ulioko juu ya barafu.

Sasa hapa ndipo penye mchezo. Tairi jipya la namna hiyo huwa na kashata zenye kina cha kama milimita 8 hadi 10. Zikilika nusu, ndani ya mifereji yanajitokeza matuta madogo ya mpira. Hayo yanamwambia dereva kwamba kwa kazi ya barafu tairi limekwisha. Mjapani anavua, anatupa. Lakini kashata bado zina milimita nne au tano! Kwa macho yetu sisi hilo ni tairi jipya kabisa, bado liko kwenye nailoni. Linapakiwa kwenye kontena, au linakuja miguuni mwa gari lililouzwa mnadani kule wakati wa baridi.

Mpira wa theluji umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Musoma hata usiku wa Julai, upepo wa ziwa ukivuma, hatufiki huko. Saa nane mchana lami yetu inaunguza mpaka mwenye ndala anairuka. Ukiuweka ule mpira laini juu ya lami ya moto, unakuwa kama bigijii iliyotafunwa. Unapinda, unavutika, unalika haraka, na ukikanyaga breki gari linachelewa kusimama. Mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi. Zile kashata laini zinalala, mifereji inabana, maji hayana pa kupita, na tairi linaanza kuteleza juu ya maji.

Haya sikuyatoa kitabuni tu. Yamepita nyumbani kwetu.

Baba yangu mdogo ni dereva wa mchomoko, Musoma kwenda Bunda na kurudi. Gari si lake, ni la tajiri, mama mmoja mfanyabiashara hapa mjini. Probox ile ilipotoka bandarini ilikuwa na matairi manne, kashata zimesimama kama meno ya mamba. Kijiweni watu waliyasifia kuliko hata injini. Tajiri akafurahi, akasema gharama ya matairi mwaka huu haipo.

Haikupita mwezi baba mdogo akaanza kulalamika. Usukani unaelea, gari kwenye kona linatembea kama limekanyaga ganda la ndizi. Akamwambia tajiri. Jibu lilikuwa fupi: "Dereva akishindwa kazi husingizia tairi." Akanyamaza, akawa anapeleka hesabu jioni kama kawaida.

Masika ikaingia. Siku moja mchana mvua ikiwa imekatika muda huo huo, mbele kidogo ya Makutano, kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Alikuwa hakimbii. Hilo nilithibitishiwa na jirani yetu aliyekaa kiti cha mbele, ambaye si mtu wa kumtetea mtu ovyo. Breki zikashika, magurudumu yakagoma kuzunguka, lakini gari likaendelea kwenda tu. Likakaa ubavu, likaingia mtaroni. Mfuko wa dagaa ukapasuka, mama mmoja na mwanawe wakatolewa dirishani, mzee mmoja akavunjika mfupa wa bega. Hakufa mtu. Ng'ombe nao wakaendelea na safari yao.

Abiria walimsema baba mdogo vibaya sana. Jioni ile ile tajiri akachukua ufunguo. Kwa wiki tatu nyumba nzima ilikula kwa vitumbua vya mama mdogo, na baba mdogo alikuwa anatoka asubuhi kwenda kukaa ziwani ili watoto wasimwone amekaa. Mtu mzima kukosa kazi ni jambo moja. Kuambiwa wewe ndiye uliyetaka kuua watu ni jingine.

Aliyemwokoa ni fundi wa matairi, pale tunapozibia pancha siku zote. Gari lilipovutwa kwake, yeye hakuanza na bodi. Alichuchumaa kwenye tairi, akalifuta kwa tambara, akaniita.

"Dada, wewe umefika kidato cha nne. Nisomee hapa."

Nikasoma ubavuni: STUDLESS. Pembeni kuna kialama cha mlima wenye vilele vitatu, ndani yake ua la theluji. Akaniuliza, "Huo mlima uko Mara?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza kidole kwenye tarakimu nne za mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT: 4114. Akanieleza kwamba mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa wiki ya 41 ya mwaka 2014. Halafu akanionyesha 82Q. Namba 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475, basi. Herufi ni mwendo, Q ni mwisho kilomita 160 kwa saa. Akaniletea tairi jingine la gari la mizigo, limeandikwa 88, yaani kilo 560. "Piga hesabu mwenyewe," akasema, "mara nne. Halafu ongeza abiria mnaobebana mapajani."

Nikampelekea salamu tajiri. Alikuja, maana hata hivyo gari ni lake na alitaka kujua gharama. Fundi akamwamkia, "Shikamoo mama," akampa kiti, akamwomba abonyeze ukucha wa kidole gumba kwenye lile tairi la theluji, kisha kwenye la kawaida. La kwanza ukucha ulizama. La pili uligoma. Mama yule alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo yule bwana alikuwa ananiambia ukweli?"

Alinunua matairi manne mapya ya kawaida, na ufunguo ukarudi kwa baba mdogo. Lakini nusu ya gharama ya kunyoosha bodi alimkata, kidogo kidogo kila wiki. Baba mdogo alikubali kwa sababu ana watoto. Mimi hiyo nusu sijaikubali mpaka leo, ila mimi si mwenye gari.

Msomaji wangu, tusilaumu wauzaji peke yao. Tulikuwa na kiwanda chetu, General Tyre kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kikasimamisha uzalishaji mwaka 2009. Sasa tunategemea ya nje, na mwenye mfuko mwembamba ataendelea kuingia kwenye mtumba. Basi akiingia, aingie na macho.

Kwanza, usinunue kashata, nunua tairi. Soma ubavu. Ukiona STUDLESS au ule mlima wenye ua la theluji, mwachie mwenye theluji yake. Herufi M+S peke yake zina maana ya tope na theluji, hizo utazikuta hata kwenye matairi ya kawaida ya magari ya porini, kwa hiyo usikurupuke. Soma na umri. Watengenezaji wengi wanasema tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litoke hata kama linang'aa. Muuzaji akilipaka dawa nyeusi likameremeta kama kiatu cha bwana harusi, kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Likunje kidogo uone kama lina nyufa. Angalia ndani kama kuna kiraka.

Pili, kufunga. Usichanganye mawili ya theluji na mawili ya kawaida. Mbele itashika, nyuma itaponyoka, au kinyume chake. Kama ubavuni kuna mshale wenye neno ROTATION, gurudumu lazima lizunguke kufuata mshale. Nati zikazwe kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka kama saa, na ukishatembea kidogo uzikaze tena. Upepo usipimwe kwa teke. Kiasi kimeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kipimo ni asubuhi tairi likiwa bado la baridi.

Tatu, kutunza. Hapa nilimwandikia binamu yangu wa Montreal, Kanada, kwa WhatsApp. Kule jimbo la Quebec sheria inalazimisha matairi ya theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, kwa hiyo kila mtu ana seti mbili. Yake ya akiba anayalipia chumba gereji! Anayaandika kwa chaki: mbele kushoto, nyuma kulia. Anayaosha, anayakausha, anayafunga kwenye mifuko, yanakaa kivulini mbali na jua, mafuta na mota za umeme. Yaliyo kwenye rimu yanalazwa moja juu ya jingine, yasiyo na rimu yanasimamishwa na kugeuzwa mara moja moja.

Sisi tairi la akiba tunalitupia juu ya bati kuzuia upepo. Jua linalipasua, mvua inalijaza maji, na mbu wa dengue hapendi nyumba nyingine kama hiyo. Mwaka 2019 Dar es Salaam waliugua sana ugonjwa huo. Kwa hiyo kama huna stoo, liweke chini ya kitanda, au angalau lifunike na umwage maji.

Najua unataka kuuliza yale manne ya theluji yaliishia wapi. Yaliegemezwa ukutani kwa fundi, na siku mbili hazikupita akaja kijana mwenye Noah, akayaona zile kashata, akatoa pesa mfukoni kabla hajauliza bei. Nilikuwepo. Fundi alizitazama zile noti, akatazama barabara, kisha akamwambia, "Mdogo wangu, haya siyo ya gari." Kijana akaondoka amenuna, akidhani amenyimwa. Fundi akaniambia siku ile hakuwa na hela ya unga nyumbani.

Mawili aliyauza baadaye kwa bei ya kutupa kwa mwenye mkokoteni wa punda. Yanazunguka Nyasho mpaka leo yakibeba madumu ya maji, kwa mwendo ambao hata theluji ikidondoka hayatateleza. Mawili mengine bado yako pale ukutani, yameandikwa kwa chaki: HAYAUZWI KWA GARI.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.