Gunia Juu ya Ubao

Karani mmoja wa serikali alikuwa akijisomea kwa njia ya posta ili aufanye tena mtihani wa hesabu uliomshinda. Ada aliikata katika mshahara wake, na mkewe hakupendezwa hata kidogo.

Swali lililomkwamisha lilikuwa jepesi kwa sura. Gunia la ratili 200 limelala juu ya ubao laini wa futi 8, ambao ncha yake moja imeinuliwa futi 4. Je, kamba iliyo sambamba na ubao yahitaji nguvu gani kulizuia? Karani alichora mshale wa uzito ukielekea chini, akaugawa mara mbili: ratili 100 za kuteremka, na 173 hivi za kuukandamiza ubao. Hadi hapo hakukosea. Kisha akauhesabu uzito wenyewe pamoja na sehemu zake, na jibu likatoka ratili 200, kana kwamba ubao haukusaidia kitu!

Likizoni alimkuta mjomba wake akipakia mahindi katika lori.

“Bwana Karani,” alisema mzee, “mzigo mwingi huchukuliwa na ubao. Sisi twasukuma kilichobaki.”

Ndipo karani alipokumbuka daftari lake la fedha. Aliyevunja noti ya shilingi ishirini haiandiki tena noti ile pamoja na chenji yake. Alifuta mshale wa uzito, zikabaki ratili 100.

Lakini chenji hurudisha jumla ile ile, na 100 na 173 hupita 200. Mishale hii imesimama pembe mraba, kwa hiyo kila mmoja huzidishwa kwa wenyewe kwanza: 10,000 na karibu 30,000 ni 40,000, yaani 200 mara 200. Kanuni ya mizigo kwenye mteremko ilielezwa na Simon Stevin katika kitabu kilichopigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1586. Yeye hakuzungumza na wapakiaji wa mahindi, ambao ubao wao una makwaruzo na hudai nguvu zaidi.

“Na ubao wa futi 12?” aliuliza mjomba. “Kusukuma ulikuwa rahisi, lakini ulituvunjikia.”

Karani alipiga hesabu mavumbini kwa kijiti. Kusukuma, ratili 67. Kukandamiza, 189.

Mzee alizitazama tarakimu asizoweza kuzisoma, akaagiza likatwe gogo la kuutegemeza ubao katikati.