Hatua Mbili

Barua ile niliiandika mara nne, kwa mkono, kwenye karatasi niliyoichana katika daftari la sadaka za mtaa. Nilimwomba mchungaji wa usharika wetu anipumzishe uinjilisti. Niliandika kwamba mimi ni mtu dhaifu, moyo wangu umejaa mashaka, sistahili tena kusimama mbele ya watu wa Mungu. Nikaikunja, nikaitia ndani ya Biblia, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 nikapanda hiace kutoka Kamachumu, Muleba, kwenda Bukoba. Mchungaji alikuwa huko kwenye mkutano, nami sikutaka kumpa barua hiyo nyumbani, wazee wa kanisa wakitutazama.

Ukiisoma barua ile leo hutaona neno la uongo hata moja. Uongo ulikuwa katika nilichokiacha.

Baba alifariki mwaka 2009. Kwetu Wahaya kibanja hakigawanywi sawa kwa sawa. Mwana mkubwa ndiye omusika, anachukua nyumba na fungu nene la migomba, wadogo wanafuata nyuma yake. Mkubwa ni mimi. Wazee wa ukoo walishinda kibanjani kutwa nzima, wakapima kwa miguu, wakabishana, wakanywa, wakapima tena, kisha wakapanda milamula kwenye mpaka kati yangu na mdogo wangu. Kwa asiyetoka Kagera: mulamula ni mmea wa majani marefu. Unakata fimbo yake tu, unaichomeka ardhini, inaota. Ukishaota unaheshimiwa kuliko hati ya karatasi, na wazee walioupanda wakifa, mulamula ndio unaobaki kuwa shahidi.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi kisiwani Bumbire. Fungu lake alimwachia jirani amsaidie kupalilia. Usiku mmoja wa masika ya 2013, mvua ikiwa imelainisha udongo, niling'oa milamula mitatu nikaisogeza upande wake hatua mbili. Nilishindilia kwa kisigino, nikatandaza majani makavu ya migomba juu yake, nikarudi kulala. Asubuhi nilihesabu: migomba 11 na mibuni 4. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na nyumba, ng'ombe, posho ya uinjilisti na fungu kubwa tayari. Kila nikitafuta sababu naikuta moja tu, nayo ni ya aibu: migomba ile ilikuwa minene, na ilikuwa karibu.

Milamula ikaota.

Mtu angedhani dhamiri ingenijia na jina la kosa. Haikuwa hivyo. Ilianza kama uchovu. Nikiomba, naona maneno yangu yanaishia darini. Nikihubiri, nasikia sauti ikiniuliza, wewe ni nani hasa? Nilijiona sina elimu, sina karama, sina imani kama ya wenzangu. Yote hayo nilikuwa tayari kuyakiri mbele ya mtu yeyote. Hata katika maungamo ya Jumapili, yale tunayoyasema wote kwa sauti moja, migomba 11 ilipita bila kuonekana, kama mlevi anavyopita kizuizini katikati ya msafara wa harusi. Nilijiita mwenye dhambi kila wiki. Mwizi sikujiita hata siku moja. Darasa la kipaimara nilipolifundisha Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, penye laana juu ya mtu anayehamisha mpaka wa jirani yake, niliwaambia watoto muda umetuishia.

Halafu nikaanza kukwepa. Zamu ya kuhubiri nampa mzee wa kanisa, eti naye ajifunze. Wanakipaimara walikaa miezi miwili bila mwalimu. Mzee mmoja, mgonjwa wa siku nyingi, alituma mjukuu wake mara mbili kuniita nikamwombee. Mara ya kwanza nilisema nina malaria. Mara ya pili sikusema kitu, nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaingia migombani. Alizikwa mwezi wa saba, nami kwenye mazishi nilikaa nyuma kabisa na wageni waliotoka mbali. Hilo nalo ni kosa, na pengine ni kubwa kuliko ardhi, kwa sababu ardhi ingeweza kurudishwa.

Watu walilionaje? Walinisifu. "Mwinjilisti wetu mnyenyekevu, hapendi makuu." Nami nilijua pa kutafuta kinga. Chuoni tulifundishwa kwamba Martin Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza kule Erfurt mwaka 1507, alishikwa na hofu mpaka karibu aikimbie altare. Nikajipachika humo. Kumbe na wakubwa walitetemeka! Musa alisingizia ulimi mzito, Yeremia utoto, Petro alimsihi Bwana aondoke kwake. Nilikuwa na orodha nzima. Sikutaka kuona kwamba hao wote, baada ya kutetemeka, walibaki pale pale wakafanya kazi waliyopewa.

Tulifundishwa na jingine, tena nililijibu vizuri kwenye mtihani. Katika karne ya nne Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walifarakana: Wadonati walisema huduma ya kiongozi aliyemkana Kristo wakati wa mateso haina nguvu, na Augustino, askofu wa Hippo, akawajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, mkono wa mtu ni chombo tu. Mwaka 411 pande mbili zilikutana Karthago, maaskofu kwa mamia, wakahojiana mbele ya mjumbe wa kaisari. Sisi Walutheri tuna fundisho hilo katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha nane. Kwa hiyo kwa kitabu nilijua kabisa kwamba Neno halisubiri mhubiri astahili. Ila naona fundisho hilo lisingenisaidia. Ningelishika kwa tabia niliyokuwa nayo, ningesema basi, kama kazi haitegemei usafi wangu, naendelea kuhubiri na milamula ibaki ilipo. Mtu mwenye kitu mfukoni hakosi mfuko wa kukifichia.

Bukoba, mchungaji aliisoma barua mara mbili. Akavua miwani, akaniambia ni wachache siku hizi wanaojipima hivyo, niombe kwanza kwa mwezi mmoja kabla hajaipeleka mbele. Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyelipa deni. Nikatembea hadi Hamugembe kwa shangazi yangu, dada yake baba, nikamkuta amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi.

Saa 9 na dakika 27 alasiri ardhi ikatikisika. Kwanza ni ngurumo, kama lori la mawe linashuka mlimani, halafu kona ya jikoni ikafunguka na mwanga wa nje ukaingia pasipokuwa na dirisha. Nakumbuka kisu cha shangazi kikitembea peke yake sakafuni. Tulipofika uani vumbi lilikuwa limeshaziba njia, na katika nyumba ya tatu kutoka kwetu watu walikuwa wanafukua kwa mikono. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, tulikuja kusikia redioni. Kagera hatukuwa tumezoea kitu cha namna ile, wala nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili yake. Usiku ule mtaa mzima ulilala nje, na kila ardhi iliporudia kutetemeka kidogo watoto walipiga kelele kabla hata sisi hatujaihisi.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Uani kwa wafiwa wa nyumba ile ya tatu walikusanyika watu kama arobaini, wa makanisa mbalimbali na Waislamu majirani. Hakukuwa na padri wala mchungaji, kila mmoja alikuwa na vifusi vyake. Mtu akasema, "Si kuna mwinjilisti hapa, mgeni wa bibi, ametoka Muleba?" Wakageuka. Mama mfiwa naye akageuka, amejifunga shuka ya hospitali begani, uso umejaa vumbi lenye mistari miwili.

Nikasema, "Ndugu zangu, mnisamehe. Mimi sistahili."

Nilitegemea wangenibembeleza. Kwetu Kamachumu wangenibembeleza. Pale hakuna aliyesema neno. Mama yule alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu anayekueleza habari za viatu vyake nyumba yako inapoungua. Nilitazama chini. Ndipo shangazi akasimama, akakaza kitenge, akaanza kuomba kwa Kihaya. Alimtaja marehemu kwa jina na kwa ukoo wake. Alitaja kuta, masufuria, watoto waliolala kwenye umande, akamwambia Mungu kwamba hatuelewi na hatutajifanya tumeelewa. Shangazi ameishia darasa la tatu. Alipomaliza hata Waislamu waliitikia amina.

Mchana aliniita nyuma ya nyumba, palipokuwa jiko. Inabidi niseme shangazi ni mtu wa namna gani. Amelelewa na watu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, na ambao ndani yake alitoka Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wetu kuanzia 1964 na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977. Watu wale hawakuwa na subira na dhambi isiyo na jina. Ukisema "mimi ni mwenye dhambi" walikuuliza ipi, na ukiitaja walikuuliza umeshamrudishia mwenyewe? Utotoni mwake shangazi aliona watu wakitembea mchana kweupe kurudisha majembe, kuku, hela za mwajiri. Kuna waliowaona wanazidisha, na nadhani mara nyingine walizidisha kweli. Lakini pua walikuwa nayo.

"Mwanangu," akaniambia, "umechukua nini cha mtu?"

"Shangazi, mimi nasema habari ya huduma, nasikia moyoni—"

"Waitu, nimekuuliza umechukua nini."

Nikamwambia. Migomba, mibuni, hatua mbili, usiku, mvua. Ilichukua dakika moja. Barua iliyonigharimu wiki nzima na karatasi nne ilikuwa imekwepa maneno ya dakika moja.

Hakunisifu na wala hakulia. Akauliza, "Ya nani?" Nikasema ya mdogo wangu. Akaguna. "Huyo ana hasira. Ngoja aje Krismasi, usimwambie kwenye simu." Kisha akanituma maji.

Nilisubiri miezi mitatu, nami naungama kwamba kila wiki nilipata sababu mpya ya kutosema. Barua niliomba nirudishiwe. Mchungaji alipouliza kwa nini, nilimweleza yote, naye akakaa kimya muda mrefu, halafu akanisimamisha kuhubiri mpaka nitakapomalizana na ndugu yangu. Nilipewa kazi ya kufagia kanisa na kufundisha kipaimara chini ya uangalizi wa mzee mmoja. Ajabu ni kwamba katika miezi ile, watu wote wakijua sifai, ile sauti ya kuniuliza mimi ni nani ilipungua. Ilikuwa imepata jibu.

Mdogo wangu alifika tarehe 23 Desemba, kama Wahaya wote walio mbali wanavyofurika nyumbani Krismasi, na furushi la sangara mkavu begani. Mke wangu alikuwa anakaanga senene. Nilimkaribisha kahawa, ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani. Zamani watu waliotaka kuwa ndugu wa damu walilishana buni iliyopakwa damu, kwa vile tunda moja lina punje mbili zimekumbatiana. Sisi hatukuhitaji, tulitoka tumbo moja. Nilimwona anapasua ganda kwa meno ya mbele, anatema, anatafuna taratibu, nikamwambia kabla hajameza.

Hakuwaka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu mwaka ule ule. Nilihesabu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unahubiri."

Tukaenda kibanjani na jembe. Migomba ile 11 ilikuwa imebaki minne. Mingine ilishikwa na mnyauko, ugonjwa ule ulioingia kwetu kutoka Uganda, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, nami nilishaing'oa na kuifukia mwenyewe kama mabwana shamba walivyoelekeza. Nilianza kumweleza kwamba nitamlipa kwa miche ya fungu langu. Akanikatiza, akasema tuanze na mpaka. Milamula ilikuwa imeshika. Ule wa kwanza ulitugharimu nusu saa, mizizi imejisuka na mizizi ya mbuni. Nilihesabu hatua mbili kurudi upande wangu, nikachimba, nikausimamisha, nikashindilia kwa kisigino.

Mdogo wangu akasogea, akasimama mguu sawa na mguu, akatazama mstari hadi kwenye mulamula wa mwisho kule bondeni.

"Bado nusu hatua," akasema.

Akaung'oa mwenyewe, akausogeza. Kwa macho yangu ilikuwa hatua nzima, ndani ya fungu langu kabisa. Akanitazama kama ana jambo analosubiri nilitamke. Nikamshikia mulamula usimame wima, yeye akafukia.